Mazda MX-5 ya Kizazi cha Kwanza Uwanjani: Mjadala wa Kipi Kiguswe na Kipi Kiachwe

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza ilioneshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na ikaendelea kuundwa hadi 1997. Ni gari dogo la wazi lenye viti 2. Injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Toleo la mwanzo lililouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster lilikuwa na uzito wa kilo 940 hivi na injini ya sentimita za ujazo 1,597. Mwaka 1993 ikaja injini ya 1,839. Nguvu haikuwa ya kutisha: kwa matoleo mengi ilikuwa kati ya farasi 115 na 130. Sifa ya gari ilitoka kwingine. Lilikuwa jepesi, uzito wake uligawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na kila gurudumu lilishikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kama magari ya mbio yanavyoshikwa. Bei yake iliposhuka katika soko la mitumba, likawa mlango wa uwanja wa mbio kwa watu wasio matajiri huko Marekani, Uingereza na Japani. Leo magari ya mwanzo yana zaidi ya miaka 35, na anayetaka kulibadilisha moja kwa ajili ya uwanja hukuta wabishi wamekwisha kaa kitako.

Mtunzaji ndiye hutangulia kusema. Hoja yake ni kwamba mtengenezaji mwenyewe amekwisha kata shauri. "Mwaka 2017 Mazda ilitangaza huduma ya kuyarudisha magari haya katika hali yake ya awali huko Japani. Imetengeneza upya vipuri vilivyokuwa vimeadimika: turubai la juu, rimu, usukani. Bridgestone nayo ikaifufua tairi ya saizi ya awali, 185/60R14. Gari ambalo kiwanda kinalihangaikia hivyo, wewe unalitobolea sakafu kwa nini?"

Mkimbiaji hujibu kwa hesabu. Magari ya kizazi cha kwanza yaliyoundwa ni zaidi ya 400,000, na kufikia 2016 MX-5 za vizazi vyote zilikuwa zimepita milioni 1. Hakuna gari la michezo la wazi la viti 2 lililouzwa zaidi kuliko hilo. "Usiniambie habari za kitu adimu, ndugu yangu. Gari hili halikuundwa litazamwe. Marekani, ambako huitwa Miata, lina daraja lake la mashindano, Spec Miata, chini ya chama cha SCCA, na magari yanayokimbia humo ni haya haya yaliyokuwa yakipeleka watu kazini."

Wote wawili huzungumza kana kwamba magari hayo ni gari moja. Toleo maalumu lenye rangi yake ya kiwandani, kilomita chache na kitabu cha huduma kilichojazwa ni mali ya aina moja. Gari lililokwisha badilisha mikono mara 6, lenye rangi iliyofifia, turubai lililochanika na bodi nzima bado, ni mali ya aina nyingine. La pili ndilo linalofaa uwanja. Kulipeleka la kwanza ni kuunguza fedha, kwa sababu mnunuzi hulipia zaidi rangi na turubai kuliko chochote ambacho uwanja unakihitaji. Sehemu hii ya ubishi ingeisha siku ya kununua, kama watu wangenunua gari wakijua wanachokitafuta.

Fundi huingia hapo, na swali lake huwageukia wote wawili: hali hiyo ya awali iko wapi? Busha za mpira zinazoshika mikono ya magurudumu zimekauka na kupasuka. Springi zimelegea, shokomzoba zimekufa zamani. Matangi ya plastiki juu na chini ya rejeta, yaliyokuwa meusi, yamegeuka rangi ya kahawia, na hiyo ni dalili kwamba yako karibu kupasuka. Mipira ya breki inavimba ndani pedali inapokanyagwa. Gari la miaka 35 ambalo halijaguswa si la awali tena, ni la zamani tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusiani na mabadiliko hata kidogo: ni kulirudisha gari mahali lilipoanzia, kwa vipuri vipya vya vipimo vile vile. Mtunzaji na Mkimbiaji hukubaliana na Fundi hapa, na hapa pekee.

Katika ukaguzi huo kuna mambo mawili ya kutazamwa kwa jicho kali. La kwanza ni kutu. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye turubai hupita katika mirija midogo nyuma ya viti. Mirija ikiziba majani na vumbi, maji hutuama na kula vizingiti vya milango kwa ndani, upande wa nyuma. Magari ya Uingereza, yanayopita barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, huumia zaidi. Jambo la pili ni ncha ya mbele ya krankshafti katika injini za miaka ya kwanza, hadi 1991 hivi. Ncha hiyo ilikuwa fupi, na boliti yake isipokazwa sawasawa, kabari inayoshika puli hulegea na kuchimba chuma. Injini yenye ugonjwa huo haistahili hata lita moja ya mafuta ya uwanjani. Kwa upande mwingine injini hizi zina huruma yake: mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hazigongani na pistoni.

Baada ya hapo ndipo swali la kweli linapoanza: nini kibadilishwe kwanza? Mkimbiaji kijana hutaja nguvu. Fundi hutaja maji.

"Barabarani," Fundi hueleza, "injini hupumzika. Unapanda kilima, unateremka, unasimama kwenye taa. Uwanjani inazunguka karibu na mwisho wa uwezo wake kwa dakika 20 mfululizo, na haina mahali pa kupumulia." Na injini hii ina kasoro ya kuzaliwa. Asili yake ni Mazda 323, gari la familia ambalo injini yake hulala kwa upana. Huko maji yaliingia upande mmoja, kwenye pampu, yakazipitia silinda zote 4, yakatokea upande wa pili kwenye thamostati. Injini ilipogeuzwa na kuwekwa kwa urefu ndani ya MX-5, upande ule wa kutokea ukabanwa na ukuta unaotenga injini na abiria. Wahandisi wakahamisha tundu la kutokea, wakaliweka mbele, karibu na pale pale maji yanapoingilia. Matokeo yake ni kwamba maji mengi huingia mbele na kutokea mbele, na silinda ya 4, iliyo nyuma kabisa, hupata mabaki.

Dawa inayojulikana ni kurudisha njia ya maji ilivyokuwa kwenye 323: tundu la mbele huzibwa, tundu la nyuma hufunguliwa, thamostati huhamia huko, na bomba refu huyaleta maji kwenye rejeta. Ni kazi ya mchana mmoja wa kuchubuka vidole, maana nafasi kati ya injini na ukuta ni finyu. Mtunzaji huitilia shaka: magari mangapi yalitembea kilomita 300,000 bila bomba hilo? Mengi, na hoja yake ni sahihi kwa barabara. Fundi hubaki na msimamo wake kwa uwanja, hasa panapokuwa na joto kali au injini iliyoongezwa nguvu. Kwa injini ya kawaida katika nchi ya baridi, rejeta mpya nene na mifuniko ya plastiki inayoelekeza hewa ipite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka huweza kutosha. Mifuniko hiyo ndiyo watu huitoa kwanza wakati wa matengenezo na kusahau kuirudisha. Jambo lisilobishaniwa ni geji. Ile ya kiwandani ilitengenezwa isimtie dereva hofu: mshale hukaa katikati katika masafa mapana ya joto, na ukianza kupanda gasketi ya silinda hedi imekwisha kuwa hatarini. Geji ya kweli, inayosoma nyuzi, hutangulia chochote kingine.

Kasoro za namna hii haziko kwa Mazda pekee. Wenye Porsche 944 wanaijua beringi ya fimbo ya silinda ya 2, ambayo huharibika uwanjani mafuta ya injini yanapochanganyika na hewa katika kona ndefu. Karibu kila gari la zamani la michezo lina kiungo kimoja ambacho barabara haikuwahi kukifichua, na kazi ya mmiliki ni kukijua kabla uwanja haujamwonesha.

Breki ni mjadala wa joto pia, ingawa watu huuchukulia kuwa mjadala wa ukubwa. Gari la kilo 1,050 pamoja na dereva wake, likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, hupoteza nishati ya kilojuli 890 hivi. Ukiondoa kinachochukuliwa na upepo na injini, kinachobaki kwenye breki kinatosha kuchemsha lita 2 za maji ya bomba. Na hiyo ni kona moja. Mkimbiaji hutaka kalipa kubwa za pistoni 4 zinazong'aa nyuma ya rimu. Fundi humuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na kiwango kinachodaiwa kwa mafuta yaliyokwisha lowa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Mafuta ya mbio huchemka juu ya nyuzi 300. Ukiongeza pedi zinazostahimili joto la uwanjani na mipira mipya, umetibu sehemu kubwa ya tatizo kwa gharama ndogo.

Mwenye gari la injini ya lita 1.6 ana hatua moja zaidi. Diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 235. Za gari la 1.8 zina 255, nazo hufungika kwa kutumia vishikio vya kalipa vya gari hilo la baadaye, chini ya rimu zile zile za inchi 14. Hapa hata Mtunzaji hulainika kidogo, kwa kuwa ni vipuri vya ukoo ule ule na vinaweza kurudishwa siku moja.

Tairi ndizo hubadilisha muda wa mzunguko kuliko kitu kingine chochote. Wengi huacha 185/60R14 na kuchukua 205/50R15 kwenye rimu za upana wa inchi 8; kimo cha tairi hubadilika kwa milimita chache tu, kwa hiyo gia na spidomita havidanganyi sana. Gharama yake haionekani siku hiyo. Tairi yenye mshiko mkubwa hubeba mzigo mkubwa kwenye kona, na mzigo huo huishia kwenye beringi za magurudumu ya mbele, ambazo kwenye gari hili hazikukadiriwa kwa kazi hiyo. Wakimbiaji wa Spec Miata huzihesabu miongoni mwa vitu vya kuliwa, kama pedi.

Kwa springi na shokomzoba, Mkimbiaji hupenda kushusha gari. Kushusha kidogo kunafaa. Kushusha sana humaliza safari ya springi, na gari huanza kuegemea vizuizi vya mpira katikati ya kona, kisha huruka badala ya kushika. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea picha ya kinyume chake. Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta zilikuwa magari ya michezo pia, lakini zilitayarishwa kwa matope, mawe na mabonde: ziliimarishwa, zikalindwa chini ya tumbo, na springi zake zikaachiwa nafasi ya kwenda juu na chini. Uwanja wa lami huomba karibu kila kitu kilicho kinyume na hayo. Kwa MX-5 faida kubwa zaidi hupatikana bila kununua chochote: boliti za mikono ya chini zina vikaza visivyo duara kamili, mbele na nyuma, vinavyomwezesha fundi mwenye mashine ya kupimia magurudumu kuyainamisha kwa ndani, ili tairi ikae bapa gari linapolala kwenye kona. Kazi ya saa 2, na hakuna kilichokatwa.

Hadi hapa Mtunzaji angeweza kuvumilia yote. Kila kilichotajwa hufunguliwa kwa spana. Ugomvi wenyewe uko kwenye upinde, na hapo huingia sauti ya 4, ya Mkaguzi, anayesimama langoni mwa uwanja na ambaye hana hamu na thamani ya gari.

MX-5 haina paa. Likipinduka, kilicho juu zaidi ya kichwa cha dereva ni fremu ya kioo cha mbele, na fremu hiyo haikuundwa kubeba gari. Paa gumu la kubandika, ambalo wengine hulihesabu kuwa kinga, ni kinga ya mvua. Ndiyo maana waandalizi wengi wa siku za uwanja hulizuia gari la wazi lisilo na upinde wa bomba la chuma nyuma ya viti. Na upinde wowote hautoshi, kwa sababu vipo vya mapambo, vyembamba, vilivyofungwa kwa skrubu chache. Mkaguzi hutazama unene wa bomba, nguzo za nyuma, miguu yake na chuma ilikofungwa. Kisha dereva hukaa amevaa kofia, na ufito ulionyooka huwekwa kutoka kilele cha upinde hadi ukingo wa juu wa fremu ya kioo. Kofia ikifika kwenye ufito, gari haliingii uwanjani. Wengine hudai ibaki nafasi ya sentimita 5. Madereva warefu wanaijua adha hii, na dawa yao ya kwanza ni kutoa sifongo ndani ya kiti cha kiwandani ili wazame zaidi. Kofia yenyewe haiwi ya pikipiki: daraja la SA la taasisi ya Snell hupimwa dhidi ya moto na dhidi ya kugonga bomba, mambo ambayo daraja la pikipiki halidai.

"Matundu mangapi?" Mtunzaji huuliza.

"Machache, ya boliti," Fundi hujibu, "sakafuni na juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Turubai linaweza kuendelea kukunjwa chini ya baadhi ya pinde." Na hapo kutu ile ya vizingiti hudai malipo yake, kwa kuwa upinde uliofungwa kwenye bati lililooza huzama ndani ya bati hilo gari likilala juu yake.

Upinde wa boliti na kizimba kamili cha kuchomelea ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakofanya ubishi huu usiishe. Kizimba huzunguka dereva wote, mbele, juu na ubavuni, na mashindano mengi hayaruhusu pungufu ya hapo. Lakini huchomelewa kwenye bodi, hufuta zulia, turubai na mifuko ya milango, na hakuna njia ya kukirudisha nyuma. Barabarani ni hatari pia: dereva asiye na kofia, katika mgongano mdogo tu, hukuta bomba la chuma likimsubiri karibu na kipaji. Mikanda ya mbio ina mtego wake. Humfunga dereva wima, asiweze kuinama. Ndani ya gari la wazi lisilo na upinde, yeye ndiye anakuwa nguzo. Kwa hiyo vitu hivi huja kwa mpangilio, upinde kwanza, mikanda na kiti chake baadaye, na kizimba siku mwenye gari anapokubali kwamba gari hilo halitabeba tena mke wala mzigo wa sokoni. Kwa hukumu ya kawaida, mpaka kati ya gari lililobadilishwa na gari lililotolewa sadaka unapita hapo, kwenye moto wa kuchomelea. Malalamiko mengi ya Mtunzaji ni ya haki ng'ambo ya mpaka huo na ni ya kelele upande wa huku.

Nguvu huja mwisho, na Mkimbiaji aliyesubiri tangu mwanzo hupewa jibu fupi. Injini ya 1.6 inaweza kufungwa turbo, na wengi wamefanya hivyo. Turbo huongeza joto katika maji yale yale yasiyofika silinda ya 4. Difu ya gari la 1.6, yenye gia ya kipenyo cha inchi 6, huanza kuvunjika, na wenye magari huitoa na kutafuta ya 1.8 yenye gia ya inchi 7, ambayo katika baadhi ya matoleo ya baadaye ilikuja na mfumo wa Torsen unaogawa msukumo kati ya magurudumu mawili. Klachi hufuata, kisha breki, kwa kuwa gari sasa hufika kwenye kona kwa kasi zaidi. Mkimbiaji ana neno la kujitetea, nalo si dogo: anayebaki na farasi 115 hupitwa kwenye kila mstari ulionyooka, na kupitwa kutwa nzima ni burudani ya watu wachache. Fundi humwonesha Spec Miata, ambako injini hubaki karibu na hali ya kiwandani, springi na shokomzoba ni za aina moja kwa wote, na ushindani ni mkali kuliko madaraja mengi yenye nguvu mara mbili.

Limebaki suala la namba za usajili. Japani, mashindano ya Roadster Party Race hukimbiwa na magari yenye namba: yanaendeshwa kutoka nyumbani hadi uwanjani, yanashindana, yanarudi nyumbani kwa magurudumu yake. Kanuni za namna hiyo hubana mabadiliko zaidi ya hotuba yoyote ya Mtunzaji, kwani gari lazima lipite ukaguzi wa serikali. Wanaoacha namba huhitaji trela na gari la kulivuta, gharama ambayo mara nyingi huipita bei ya Mazda yenyewe. Ekzosi nayo ina mkaguzi wake: Laguna Seca huko California, uwanja uliobeba jina la Mazda kuanzia 2001 hadi 2018, hupima sauti ya kila gari linalopita, na siku nyingi kikomo chake huwa cha chini kiasi cha kulirudisha nje gari lililoondolewa kizuia sauti. Bima ya kawaida ya barabarani, kwa sehemu kubwa, huishia kwenye lango la uwanja. Anayetaka kinga ndani hununua bima ya siku hiyo au huingia akijua kwamba ukuta wa zege atakaougonga atalipa mwenyewe.